Laptopu ya Kumuagia Mdogo Wangu

Mama yangu hakuwahi kumuaga mdogo wangu. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi walioona nilivyohangaika na ile laptopu walidhani nimechanganyikiwa, na wengine waliniambia hivyo mbele ya wateja wangu. Mimi ni fundi cherehani hapa Mjimwema, Njombe mjini. Nashona sare za shule na majoho ya kwaya, na hasira zangu ziko karibu, kila anayenifahamu anajua. Lakini kwa jambo hili nilikuwa na akili zangu timamu.

Kwetu, nyumbani Yakobi, mtoto hamkazii mzazi macho. Unamsalimia umepiga goti, unatazama chini, "Kamwene," unaitikiwa, unainuka na kuendelea na kazi zako. Siku moja tu ndiyo tofauti, nayo ni siku mtoto anapokwenda mbali. Siku hiyo anapiga magoti karibu na mlango, kwa ndani, mama anamshika kidevu na kumwinua uso, na wanatazamana macho kwa macho. Mama anasema, "Nimekuona. Nenda, ule, ulale, urudi." Basi, hakuna hotuba. Sijui kama ni desturi ya Wabena wote au ni ya ukoo wetu peke yetu. Najua bibi alimfanyia mama alipoolewa, na mama alinifanyia mimi nilipokwenda Iringa kujifunza ushonaji. Ndiyo siku niliyogundua kwamba macho ya mama si meusi, yana rangi ya chai ya rangi. Nilikuwa msichana mkubwa tayari na nilikuwa sijui.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, aliondoka bila hayo. Alipata nafasi ya kusoma nchi ya mbali, yenye baridi kuliko hii yetu, na safari ikaja mapema kuliko tulivyotegemea. Mama alikuwa Lupingu, kule ziwani, amekwenda kumzika dada yake aliyeolewa huko, na mvua ilikuwa imekata barabara ya milimani. Mtoto hakuweza kusubiri. Aliacha laptopu yake juu ya kitanda cha mama, ameifunika kwa sweta lake, akasema kule atapata nyingine, hii abaki nayo mama. Mama aliporudi hakumlaumu mtu. Aliifunga laptopu kwenye kitenge na kuiweka kabatini, pembeni ya Biblia ya marehemu baba.

Masomo yakaisha, kazi ikaanza, na makaratasi ya kuishi kule yakawa hayakamiliki. Akitoka kule, haruhusiwi kuingia tena. Kwa hiyo hakutoka. Alipougua mapafu mwaka wa kwanza, mama alisema, "Sikumuaga." Alipofukuzwa kazi alisema hivyo hivyo. Mchungaji alikaa naye siku moja akamweleza vizuri tu kwamba sala inafika popote, na kwamba Mungu anamtunza kijana hata bila desturi zetu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha viazi, kisha akamjibu, "Mungu namwomba kila siku, Mchungaji, na yeye anafanya kazi yake. Kumuaga ni kazi yangu." Mchungaji akala viazi.

Halafu macho yakaanza kuondoka. Mama alikuja kwangu akisema Biblia imechapwa vibaya, katikati ya kila neno pana doa. Nilicheka. Baadaye nikamwona anamimina chai pembeni ya kikombe, sikucheka tena. Daktari wa macho alituambia kwamba pale katikati ya jicho, panapoona uso wa mtu na herufi, pamechakaa. Kingo zitabaki. Ataona mlango, ataona mti, ataona kuna mtu amesimama, ila asiutambue uso. Hakuna dawa ya kurudisha kilichokwenda, na kilichobaki hakijulikani kitadumu muda gani. Tulipotoka nje mama alikaa kwenye benchi, akaniambia nimtafutie njia ya kumuaga mdogo wangu kabla hajawa sauti tu.

Tulijaribu kwa simu yangu. Uso wa mdogo wangu ulikuwa mdogo kwenye kile kioo, na wote ulizama ndani ya lile doa. Mama aliigeuzageuza simu kama mtu anayetafuta kishikio cha sufuria. Alipata sikio, alipata bega, akapoteza. Akanirudishia simu, akasema, "Ongeeni naye wenyewe." Nililia jikoni, sioni haya kusema.

Ndipo nikaikumbuka laptopu. Kioo chake kipana, na mama alikuwa ameshagundua mwenyewe kwamba kitu kikubwa anakiona akitazama kando yake. Ukimsogelea alikuwa anageuza uso kuelekea dirishani, na hapo ndipo alipokuwa anakuona wewe. Wageni walidhani amenuna. Kwa hiyo nikamwambia: tutamweka mdogo wangu kwenye kioo kikubwa, utamwona. Alifurahi.

Tatizo ni kwamba laptopu ilikuwa imepigwa na radi. Kila baada ya muda mama alikuwa anamwomba jirani aichaji, "isife njaa," na masika moja radi ikapita kwenye waya wa umeme wakati imechomekwa. Iliwaka kama kawaida, tukamshukuru Mungu. Kumbe matundu yote ya pembeni, isipokuwa la kuchaji, yalikuwa yamekufa, hata ukichomeka kitu haijui, na ile sehemu yake ya kushika waifai imekufa pia. Kwa hiyo wale walionishauri ninunue kidude cha kuchomeka pembeni, walikuwa na nia njema, lakini walinichosha.

Mchungaji alijitolea kutuazima laptopu ya ofisi. Mama akakataa. "Mtoto haagwi kwenye nyumba ya watu," alisema. "Hii aliiacha kwenye kitanda changu. Nitamuagia hapa." Nilimkasirikia siku nzima, kisha hasira ikaisha, kwa sababu kweli mtoto haagwi kwenye nyumba ya watu. Hata mimi ningekataa.

Nikaipeleka kwa fundi karibu na stendi. Aliifungua kwa nyuma, akanionyesha kadi ya waifai. Mimi nilidhani ni kitu kikubwa. Ni kijani, kama kipande cha biskuti kilichobaki mkononi mwa mtoto, na vijiwaya viwili vyembamba vimeng'ata juu yake, kimoja cheusi na kimoja cheupe. Hivyo ndivyo antena, alisema, vinapanda mpaka juu ya kioo. Alikuwa na kopo limejaa kadi za namna hiyo. Akachagua moja inayokaa vizuri, akafunga skrubu, akawasha. Kioo kikawa cheusi, yakatokea maneno meupe ya Kiingereza: kadi hii hairuhusiwi, zima mashine uitoe. Haikuendelea hata hatua moja. Akaweka nyingine, maneno yale yale.

"Hizi za zamani za kampuni hii ndivyo zilivyo, mama," fundi alisema. "Mtengenezaji aliiambia kadi za kuzipokea. Ambayo haimo, inakataliwa hata kama ni nzima."

Nikamuuliza mashine gani hiyo inakataa wageni, tena Njombe hapa ambapo hata mwizi anakaribishwa chai kwanza. Alicheka. Akasema ipo njia ya kuingia ndani ya mashine na kuisahaulisha, lakini ikienda vibaya laptopu haiwaki tena maisha. Nikaichukua nikaondoka nayo. Siwezi kumpelekea mama yangu maiti.

Aliniachia ile kadi iliyoungua, akaniambia nitafute yenye namba kama yake. Si inayofanana, akasisitiza, yenye namba ile ile, iliyotolewa na kampuni ile ile. Mimi hilo nililielewa haraka kuliko alivyodhani. Mteja akipoteza kifungo cha koti huwa hachukui kifungo kizuri, anachukua kile. Nikaiweka kadi kwenye kopo langu la vifungo na kuanza kuuliza.

Niliuliza kila mahali. Niliuliza Njombe yote, niliuliza kwa simu Iringa na Mbeya. Mtu mmoja alinitumia kadi kwa basi, namba sahihi kabisa kwenye picha, ilipofika ni nusu ya ile iliyoungua, haifiki hata kwenye skrubu. Nilimpigia simu nikamwambia maneno ambayo kwaya yangu isingependa kuyasikia. Wakati huo mama alikuwa anapungua. Alianza kunitambua kwa miguu, jinsi ninavyoburuza kandambili. Kila Jumapili baada ya ibada nikimpeleka Yakobi aliniuliza jambo moja, "Umepata kile kijani?" Nikisema bado, anasema, "Subira yavuta heri," kwa sauti ya mtu anayemtuliza mwenzake. Nilijisikia vibaya kwamba yeye ndiye aliyekuwa ananituliza mimi.

Makambako nilikwenda kwa shughuli zangu, kununua zipu na uzi. Kila anayepita Makambako anajua upepo wake. Unavua kofia yako bila kukuomba, na wauza mitumba wanashindana nao kutwa nzima, turubai zimewekewa mawe kila kona. Nilikuwa nimeinama nachambua sketi kwa mama mmoja muuza mitumba, nione kama naweza kuzifumua nipate kitambaa. Turubai lake lilikuwa na mawe matatu. Kona ya nne ilikuwa imekandamizwa na laptopu.

Niliijua kabla sijaigeuza. Ile rangi, ule ukingo wa mviringo, hata alama ya kampuni iliyofutika kidogo. Nikaishika, turubai likapiga kelele likanigonga usoni, na blauzi mbili zikaruka mpaka kwa muuza ndizi.

"We dada, jiwe langu hilo," yule mama akasema.

Nikamwambia nalinunua. Akanitazama kutoka juu mpaka chini. Akaniambia imekufa siku nyingi, mwanawe aliifungua ikamshinda, haina hata betri, yeye anaipendea uzito. Nikamwambia nafahamu, naitaka ikiwa imekufa hivyo hivyo. Akawaita wenzake waje wamwone mtu anayenunua jiwe Makambako. Walinitania kweli. Mmoja alisema nyumbani kwake ana mlima mzima, kama nina haraka. Mimi kwa kawaida ningejibu, na ningejibu vibaya, lakini nilikuwa nimeishika ile laptopu kifuani.

Akakubali kwa sharti kwamba nimletee jiwe jingine, kwa sababu upepo haungojei biashara. Nikaenda kulitafuta. Nililibeba mwenyewe kutoka kwenye kiwanja kinachojengwa nyuma ya maduka, mwanamke mzima na begi lake la zipu, nikaliweka kwenye kona ya nne. Aliligusa kwa mguu, akaridhika.

Fundi wa pale jirani alinifungulia mgongo wa mashine. Kadi ilikuwamo. Nikatoa kopo la vifungo, ambalo siku hizo nilitembea nalo kila mahali, nikaweka ile yangu pembeni, nikasoma namba moja baada ya nyingine kwa kidole, kisha nikamwomba fundi naye asome kwa sauti. Zilikuwa sawa. "Kufa kufaana, mama," fundi akasema, akaichomoa. Akanionya kwamba hawezi kuapa kama ni nzima, kwa vile ile mashine haiwaki. Nikarudi Njombe nayo ndani ya kopo, katikati ya vifungo vya sare.

Fundi wa stendi aliiweka siku ile ile. Katika kuingiza waya mweupe, kichwa chake kikakatika, kwa sababu ulikuwa umekauka miaka yote hiyo. Nilimtazama nikashindwa hata kukasirika. Akasema utafanya kazi mmoja, ila simu ya kutoa intaneti iwekwe karibu kabisa. Akawasha. Kioo kikawa cheusi. Nilijua maneno meupe yanakotokea, juu kushoto, nikakaza macho hapo. Hayakutokea. Ikatokea picha ya mdogo wangu ya zamani aliyoiweka mwenyewe, amesimama kwenye mashamba ya chai, amevaa lile sweta.

Nilimpigia mdogo wangu nikamwambia Jumapili, baada ya ibada, uwe umenyoa. Hakunyoa.

Jumapili ile ukungu ulikuwa haujainuka Yakobi mpaka mchana. Mama alivaa vitenge vyake vya Pasaka. Niliweka kigoda karibu na mlango, kwa ndani, juu yake laptopu, na simu nikaiegemeza kwenye kioo ili ule waya mmoja uisikie. Mama akakaa kwenye kiti mbele yake. Upande wa pili mdogo wangu alitokea, akapiga magoti kule kwake, kioo kizima kimejaa uso wake. Alikuwa mtu mzima. Alikuwa na nywele nyeupe mbili tatu kwenye ndevu, jambo ambalo hakuna aliyetuambia.

Mama aligeuza uso kuelekea dirishani. Nikaona anaona. Midomo yake ilifunguka kidogo.

"Ndevu hizo nani kakupa ruhusa," akasema. "Na shati lako halijanyooshwa." Kisha, polepole, "Una paji la baba yako."

Lakini mdogo wangu alikuwa ameanza kutazama chini, kwa aibu. "Mama," alisema, "kuna nini dirishani? Mbona hunitazami?"

Nikafungua mdomo nimweleze. Nilikuwa nimemweleza kwa simu habari za macho, lakini kueleza ni kitu kimoja, na kumwona mama yako anatazama dirishani unapompigia magoti ni kingine. Mama akaninyamazisha kwa mkono.

"Yeye ananionea wapi?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

Nikachukua kidole chake, nikakipandisha mpaka juu ya kioo, pale kwenye tundu dogo la kamera, lenye taa ya kijani. Nikamwambia, hapa. Ukitazama hapa, yeye anaona macho yako yanamtazama.

"Nikitazama hapo, nami namwona?"

Nilitaka kudanganya. Nilikuwa nimezunguka kote kule, nimebeba jiwe Makambako, ili mama yangu amwone mwanawe, na jibu lilikuwa kinyume na yote hayo. "Hutamwona, mama," nikasema. "Akiwa katikati hutamwona."

Akafikiri. Kisha akamwambia mdogo wangu anyamaze kidogo, asitikisike. Akageukia tena dirishani na akamtazama kwa kingo zile zilizobaki. Alimtazama kama anavyoangalia shamba lililovunwa kabla ya kufunga ghala, huku na huku, asiache kitu. Ukungu ulikuwa nje, na simu yangu ilikuwa imepata moto.

Alipomaliza alivuta pumzi, akarudisha uso wake mbele. Alitafuta ukingo wa chini wa kioo kwa vidole, akaushika kama kidevu, akauinua kidogo.

"Inua uso," alisema.

Mdogo wangu aliinua uso. Mama alikuwa amekaza macho kwenye ile taa ya kijani ambayo najua hakuiona. Ukiwa pembeni kama mimi ungesema anatazama mahali pasipo na kitu. Lakini nilimwona mdogo wangu usoni, na alikuwa anatazamwa.

"Nimekuona," mama akasema. "Nenda, ule, ulale, urudi."

Alilia, mtu mzima yule, huku bado amepiga magoti kwenye chumba cha ugenini. Mama hakugeuka hata kidogo. Alibaki amemtazama hivyo mpaka kijana mwenyewe aliposema, "Asante, mama," na picha ikaganda, na mtandao ukakata.

Nilifunga laptopu. Nilidhani atasema amechoka, nikaanza kukunja waya. Akaniambia niache waya, nisogee.

"Sasa niambie," alisema. "Nilipomwambia nimemwona, uso wake ulikuwaje?"

Nikakaa chini mbele ya kiti chake, nikamweleza kuanzia paji la uso. Nilipofika machoni alinishika mkono, akasema hapo niende taratibu.